Kwa nini Wachina hawakuacha maandishi yao kama tulivyoacha sisi?

#1 Mwanakisiwa

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani Mafia, arobaini ya shangazi. Katika kupanga vitu vyake tukakuta kopo la biskuti, ndani mna barua ya babu mzaa baba. Kurasa mbili, Kiswahili kitupu, lakini kwa herufi za Kiarabu. Juu kaandika mwaka 1371 wa Hijria, yaani 1951 au 1952. Mjukuu wake nina digrii, Kurani naisoma, herufi nazijua moja moja, na bado nilishindwa kumaliza mstari. Kurudi Dar nimekaa na barua hiyo mezani kama mgeni tusiyeelewana lugha.

Sasa linalonisumbua. Miaka ileile babu anaandika, Wachina nao walikuwa mbioni kutupa maandishi yao. Mao alishamwambia mwandishi Mmarekani Edgar Snow mwaka 1936 kwamba ipo siku watalazimika kuyaacha kabisa ili umma usome. Walipata serikali 1949, wakaunda kamati, na mwaka 1958 wakapitisha pinyin, yaani Kichina kwa herufi hizi za a, b, ch. Kila kitu kilikuwa tayari. Lakini leo ukienda Beijing magazeti bado ni yale maandishi yaleyale ambayo mizizi yake ina zaidi ya miaka 3,000.

Sisi tulihama ndani ya vizazi viwili. Wao walidhamiria kuhama na hawakuhama. Kwa nini? Na je, ni kweli kwamba kijana wa Kichina leo anasoma barua ya babu wa babu yake bila taabu?

#2 Fundi_Simu_Kkoo

Mkuu pole kwa msiba.

Mimi naenda Guangzhou mara mbili kwa mwaka kufuata vioo na betri, jibu langu ni fupi: maneno yao yanafanana mno. Sauti "ma" peke yake: ukiitoa sawasawa bila kupanda ni mama, ukiipandisha ni katani, ukiishusha kisha ukaipandisha ni farasi, ukiiangusha kwa nguvu ni kutukana. Na hapo bado, maana kila toni ina maneno mengine chungu nzima. Ukiandika "ma" tu kwa herufi zetu msomaji atajuaje? Ile michoro ndiyo inayomtenganisha mama na farasi.

#3 Nyakato

Naweka kambi hapa. Ngoja waje wajuzi, mimi nilidhani ni mapambo ya kanga.

#4 BintiWuhan

Habari zenu. Nilisoma udaktari China miaka 6, mwaka wa kwanza wote ukiwa wa lugha, kwa hiyo naomba nirekebishe kidogo.

#2 umeita "michoro". Wengi tunadhani kila alama ni picha ya kitu. Zipo za hivyo, mlima, mti, mtu, lakini ni chache. Zaidi ya asilimia 80 zimeundwa kwa vipande viwili: kimoja kinadokeza maana, kingine sauti. Chukua huyohuyo mama: 妈. Kushoto ni mwanamke 女, kulia ni farasi 马. Farasi hana kosa lolote pale, kaitwa kwa sababu jina lake linatoka "ma". Ni kama kumwambia msomaji: "neno la mwanamke linalosikika kama farasi".

Hoja ya maneno kufanana sauti ina mtetezi mkubwa. Mwanaisimu Zhao Yuanren alitunga kisa cha mshairi anayekula simba ndani ya pango la mawe, alama takriban 90, na kila moja hutamkwa "shi" kwa toni tofauti. Ukikiona kwa macho kinaeleweka. Ukikisikia ni "shi shi shi" mwanzo hadi mwisho.

Mwanakisiwa, kuhusu kusoma ya kale: hapana, si bila taabu. Wenzangu darasani walikuwa wanatambua alama za maandiko ya miaka 2,000 iliyopita lakini maana inawaponyoka, wanahitaji maelezo pembeni mwa ukurasa. Wanaijua sura ya neno, hawajui linasema nini pale. Kumbe ni kama wewe na herufi za Kiarabu za barua yako, ila upande wa pili: wewe lugha unaijua, maandishi ndiyo yanakushinda.

#5 Nyakato

Dada Binti, mama mkwe wangu nikimwambia kwa Kichina ameandikwa na farasi ndani nitarudishwa kwetu Bukoba. Endelea lakini, unafundisha vizuri.

#6 Chuma_cha_Pua

Hiyo hoja ya #2 na #4 hainiingii. Wachina wanaongea kwenye simu, wanasikiliza taarifa ya habari redioni, na hapo hakuna anayeona alama yoyote. Wanaelewana. Basi kinachoeleweka kwa sikio kitashindikanaje kueleweka kikiandikwa kama kinavyosikika?

Kisa cha "shi" kimeandikwa kwa Kichina cha kale, ambacho neno moja ni silabi moja. Kichina cha leo maneno mengi yana silabi mbili. Simba siku hizi haitwi "shi", anaitwa "shizi". Ugumu umeshapungua.

#7 Mombasani

Assalaam alaykum jamaa. Chuma amesema kweli na ushahidi upo, nao ni wa ndugu zetu Waislamu.

Wachina Waislamu wa kabila la Hui wana desturi ya zamani ya kuandika Kichina kwa herufi za Kiarabu, inaitwa Xiao'erjing. Ilitumika madrasa, hasa kwa watoto wasiojua zile alama. Halafu katika uasi wa Shaanxi na Gansu, miaka ya 1862 hadi 1877, baadhi yao walishindwa vita wakavuka milima, wakaingia kwenye nchi ambazo leo ni Kyrgyzstan na Kazakhstan. Huko wanaitwa Wadungan. Utawala wa Kisovieti ukawapa herufi za Kilatini, na kuanzia 1953 wanaandika lugha yao, ambayo ni lahaja ya Kichina, kwa herufi za Kirusi. Toni hawaziandiki. Wana magazeti, wana mashairi, na wanasomana vizuri tu.

Kwa hiyo nduguyangu Fundi, mama na farasi wametengana bila alama.

#8 Fundi_Simu_Kkoo

Sheikh, hiyo ya Wadungan sikuwahi kuisikia. Nimekusoma.

#9 MzeeWaReli

Vijana hamjambo.

Nilikuwa kibarua, baadaye fundi, wakati wa ujenzi wa TAZARA, upande wa Mlimba kuja Makambako. Kazi ilianza 1970, reli kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Kulikuwa na Wachina wa kila jimbo. Nasi tukidhani Mchina ni Mchina.

Siku moja mvua imeharibu tuta, wakubwa wao wawili wakawa wanabishana pale juu ya karavati. Nikaona wameacha kusema. Mmoja akafungua kiganja cha mkono wa kushoto, akaandika juu yake kwa kidole cha mkono wa kulia, bila kalamu, bila wino, kidole kitupu. Mwenzake akatazama, akatikisa kichwa kukubali, naye akajibu kwenye kiganja chake. Nikamuuliza mkalimani wetu, akasema huyu ametoka kusini na yule kaskazini, wakisema haraka hawaelewani, lakini wakiandika neno ni moja.

Jibu langu basi ndilo hilo. Wakiandika kwa matamshi, kila jimbo litaandika lake, na nchi itapasuka vipande.

#10 Mwanakisiwa

Shikamoo mzee. Hicho kiganja kimenikaa kichwani.

Hii hoja ya umoja inaniingia kuliko ya kwanza. Qin Shi Huang, mfalme wa kwanza wa China nzima, aliposhinda falme zote mwaka 221 KK, moja ya mambo ya awali aliyoamuru kupitia waziri wake Li Si ilikuwa maandishi yawe ya aina moja, pamoja na mizani na upana wa mhimili wa mikokoteni. Aliyajua maandishi kama kamba ya kufungia mzigo.

#11 BintiWuhan

Shikamoo Mzee. Kiganja ni kweli, nimeona hata wodini, mgonjwa mzee na muuguzi wanaandikiana hivyo jina la ukoo.

Lakini niongeze jambo ambalo watu wengi hulisema nusu. Mtu wa Guangzhou na mtu wa Beijing wanaelewana kwa maandishi, lakini si kwa sababu kila mmoja anaandika lugha yake kwa alama zilezile. Wanaelewana kwa sababu wote wamefundishwa shuleni kuandika Kimandarini, yaani Kichina sanifu. Mkantoni, yaani huyo wa Guangzhou, akiandika Kikantoni chenyewe, kama wanavyochat vijana wa Hong Kong, mtu wa Beijing anakwama. Kuna alama yao inaitwa "mou", 冇. Ni ile 有 ya "kuwa nacho" iliyotobolewa tumbo, vimistari viwili vya ndani vimetolewa. Maana yake: hakuna. Darasani kwetu msichana wa Harbin alikuwa haifahamu kabisa.

Kwa hiyo kilichowaunganisha ni shule na lugha moja sanifu. Alama zimesaidia, lakini msizipe sifa yote.

#12 Nyakato

"Kuwa nacho" kilichotobolewa tumbo = hakuna. Mfuko wangu mwisho wa mwezi huu hapa.

#13 Mkalimani_Kolwezi

Jambo kwenu wote, nawasoma toka Kolwezi, Kongo. Nafasiri Kichina kwenye migodi mwaka wa tisa sasa.

Dada Binti ana haki, lakini Mzee naye ana haki. Msimamizi wangu wa kwanza alikuwa wa Sichuan. Kwa wao "sh" na "s" zinaingiliana. Kumi kwa Kimandarini ni "shi", nne ni "si". Siku moja akaniagiza mifuko ya saruji kwa redio ya mkononi. Nikasikia nne, nikaleta nne. Zege limeanza kumwagwa, mifuko imekwisha, akapiga kelele mpaka kofia ikamtoka. Akaokota msumari akachora msalaba kwenye vumbi: 十. Kumi. Toka siku ile kila hesabu ilipita kwa maandishi. Toni ingenisaidia kama angesema kama watangazaji wa televisheni, lakini watu wa kazi hawasemi vile.

Naomba Chuma anijibu hapo.

#14 Chuma_cha_Pua

Kaka Kolwezi, pole kwa kelele, ila angeandika "10" kwa tarakimu zetu pia ungeelewa. Na angeandika "shi" kwa pinyin sanifu ungeelewa vilevile. Kilichokuokoa ni kuandika, chochote kile.

Mimi naona tumesahau nani alikuwa ameshika kalamu. Mitihani ya kuingia serikalini China ilidumu miaka 1,300 na ushei, tangu enzi ya Sui hadi ilipofutwa 1905. Mtu alitumia ujana wake wote kukariri alama na vitabu vya kale ili awe afisa. Kamusi ya mfalme Kangxi ya 1716 ina alama zaidi ya 47,000. Nani atakayeteseka hivyo kisha akubali mtoto wa mkulima ajifunze herufi 26 kwa mwezi mmoja wamekuwa sawa? Ugumu wenyewe ulikuwa ukuta wa kulinda cheo.

#15 Mombasani

Hapo Chuma nakupinga. Waliotaka kuzifuta alama walikuwa ndio haohao wasomi. Qian Xuantong, bingwa wa elimu ya alama, mwaka 1918 alipendekeza zifutwe na hata Kichina chenyewe kiachwe, watumie Kiesperanto, ile lugha ya kubuni. Lu Xun, mwandishi wao mkubwa wa karne ile, alipigania herufi za Kilatini mpaka kufa kwake 1936. Watu hawa hawakuwa wakulinda ukuta, walikuwa juu yake wanaubomoa.

Niruhusuni sasa niseme la kwetu, maana kichwa cha uzi kinasema "tulivyoacha sisi". Hatukuacha. Tuliachishwa. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa. Zipo barua za Kilwa za mwaka 1711 zimehifadhiwa Goa hadi leo. Muyaka bin Haji alitunga, na mashairi yake yakaandikwa hivyo. Kisha wakaja wamisionari, Krapf hapa Mombasa miaka ya 1840, Steere kule Unguja, na mitambo yao ya kuchapia ina herufi za Kilatini. Serikali za kikoloni zikajenga shule kwa herufi hizo, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusanifisha lugha ambayo haikuwa na haja na hati ya wazee wetu. Babu yako Mwanakisiwa mwaka 1371 alikuwa anaandika kwa hati ambayo kwa ofisi yoyote ya serikali alihesabika hajui kusoma.

Wavietnamu vivyo hivyo. Nao waliandika kwa alama za Kichina na za kwao walizounda kwa mfano wa Kichina. Wafaransa wakaja, wakasukuma herufi za Kilatini zilizoanzishwa na wamisionari karne ya 17, mitihani ya zamani ikafutwa 1919, basi. China haikutawaliwa yote na mgeni mmoja. Hiyo ndiyo tofauti.

#16 Mkalimani_Kolwezi

Na Waturuki je? Atatürk alibadili herufi mwaka 1928, na hakuna mkoloni aliyekuwa anawatawala.

#17 Mombasani

Swali zuri hilo. Nikubali, Uturuki inanipinga.

#18 MzeeWaReli

Na Wakorea wakajitungia wenyewe. Mfalme wao Sejong, miaka ya 1440. Mhandisi mmoja Mkorea alinieleza.

#19 BintiWuhan

Nafikiri tumeruka jambo la kawaida sana: lengo la kufuta alama lilikuwa watu wasome, na watu wakasoma bila kuzifuta.

Mwaka 1949 inakadiriwa watu 8 katika kila 10 walikuwa hawajui kusoma. Serikali ikafanya mambo mawili. Mwaka 1956 ikarahisisha alama. Yule farasi wa zamani, 馬, unapitisha kalamu mara 10. Wa sasa, 马, mara 3 tu. Kisha 1958 ikaleta pinyin, lakini kama ngazi ya kupandia: mtoto wa darasa la kwanza anaanza na pinyin, inakaa juu ya alama kama kivuli, akizoea inaondolewa. Halafu shule zikajengwa kila mahali. Leo karibu kila mtu mzima anasoma. Na Taiwan na Hong Kong, ambako hawakurahisisha hata farasi mmoja, wanasoma vilevile. Basi sababu ya kufuta ikafa yenyewe.

Walijaribu kurahisisha kwa mara ya pili mwaka 1977, watu wakazikataa, zikaondolewa rasmi 1986. Walisema zimekuwa kama uso uliofutwa pua.

Kwangu mimi kama tabibu kuna jambo jingine. Alama zinafundisha. Moto ni 火. Weka moto juu ya moto, 炎, unapata uvimbe wenye joto, ule tunaouita kwa majina ya Kilatini kila siku. Ini ukilitia 炎 ni homa ya ini. Mapafu ukiyatia 炎 ni nimonia. Ugonjwa wa kisukari umeandikwa waziwazi: sukari, mkojo, ugonjwa. Bibi wa kijijini aliyemaliza la saba anaisoma karatasi ya hospitali na anajua ni kiungo gani kinaungua. Nimerudi nyumbani, namwandikia mgonjwa wangu Kiingereza kwenye faili, anaikunja anaweka mfukoni, anakwenda kumuuliza jirani.

#20 Nyakato

#19 imenigusa mpaka sina utani.

#21 Fundi_Simu_Kkoo

Dada Binti umemaliza kila kitu, ila bado simu. Mashine ya taipu ya Kichina ilikuwa sinia zima la vipande vya chuma zaidi ya 2,000, mchapaji anawinda kimoja kimoja. Kompyuta zilipokuja watu wakasema sasa alama zimekwisha. Mwaka 1983 Wang Yongmin akaleta Wubi, unavunja alama vipande kwenye kibodi. Siku hizi hata hiyo wachache. Muuza vioo wangu anaandika "mama" kwa pinyin, simu inamletea alama, anabonyeza. Herufi za Kilatini zilitaka kuzika alama, zimekuwa punda wa kuzibeba.

Ila kuna ubaya. Wanasahau kuandika kwa mkono. Nilimwona mtu mzima, msomi, anajaza fomu ya mzigo, kasimama na kalamu hewani. Wana usemi wake kabisa: kushika kalamu na kusahau neno.

#22 BintiWuhan

Kweli kabisa. Mwambie Mchina aandike kwa mkono neno "kupiga chafya" uone. Wengi wanakwama alama ya mwisho, wanatoa simu.

#23 Nyakato

Naomba kutoka nje ya mada kidogo. Chai ni Kichina au tumebuni?

#24 Mkalimani_Kolwezi

Ni Kichina, "cha", imetufikia kupitia Kiajemi na Kihindi. Waliopata kwa meli za Waholanzi toka pwani ya Fujian walichukua matamshi ya kule, "te". Ndiyo maana sisi kwetu Kongo tunasema chai, na Mfaransa anasema thé. Njia zote mbili za neno zimekutana katika kikombe kimoja.

#25 Fundi_Simu_Kkoo

Na msimpe Mchina saa ya ukutani zawadi. Nilimpelekea muuzaji wangu moja ya mninga, yenye ramani ya Afrika, siku anafungua duka jipya. Akaishika kama ameshika moto. Kumbe "kumpa saa" kunasikika sawa na "kumsindikiza mtu kaburini". Mke wake akatoa sarafu moja ndogo akanilipa, ili iwe nimewauzia. Saa bado ipo dukani na biashara inakwenda. Maneno kufanana sauti mnayafanyia mdahalo hapa, wenzenu yanawatia hofu mpaka leo. Na kwa kuwa "nne" inasikika karibu sawa na "kifo", lifti nyingi hazina ghorofa ya nne.

#26 MzeeWaReli

Na twiga wetu walimpa jina la mnyama wao wa hadithi. Twiga wa Malindi alifikishwa kwa mfalme Yongle mwaka 1415, wakamwita qilin, mnyama wa baraka. Wajapani mpaka leo twiga kwao ni kirin.

#27 Mombasani

Na sarafu ya mfalme huyohuyo, yenye tundu la mraba katikati, imechimbuliwa Manda, kando ya Lamu, ikatangazwa 2013. Alama nne zimezunguka tundu. Mtoto wa shule wa Kichina angezisoma pale mchangani.

Turudi kwenye mada. Kuna sababu moja hamjaigusa, nayo haina uhusiano na manufaa: heshima. Wachina wa zamani walikuwa hawatupi karatasi iliyoandikwa. Walikuwepo watu wa kuzunguka kuziokota, na majiko maalumu ya kuzichoma kwa adabu. Taiwan baadhi ya majiko hayo yangali yamesimama. Hadithi yao inasema Cangjie, aliyebuni maandishi, alikuwa na macho manne, na siku alipobuni mbingu ilinyesha nafaka na mizimu ikalia usiku. Kitu cha namna hiyo hukifuti kwa amri ya kamati.

Nanyi mnawajua wazee wetu. Bibi yangu hakujua kusoma, lakini akiona kipande cha karatasi chenye herufi za Kiarabu njiani, hata kama ni karatasi ya tende, atainama, ataokota, atachomeka ukutani pasipokanyagwa.

#28 Chuma_cha_Pua

Lakini Sheikh, heshima hiyohiyo haikuiokoa hati ya Kiswahili.

#29 Mombasani

Heshima ilikuwa kwa Kurani. Kiswahili kiliazima nguo ya mtu.

#30 Mwanakisiwa

Wakuu, samahani nilipotea. Nimerudi na habari.

Jumamosi nilimpelekea barua bibi mmoja wa Jibondo anayeishi Mbagala na bintiye. Ana miaka tisini na kitu, alisoma chuoni utotoni. Aliisogeza barua mpaka ikagusa pua, akaanza kusoma kwa sauti ya kughani. Nilimsikia babu. Anamwambia kaka yake kwamba mvua ni njema, mtoto ameota meno, na jahazi linaondoka kesho, "na ndani yake nimekuwekea bata kumi".

Binti yake akacheka jikoni: bata kumi kwenye jahazi! Bibi akanyamaza, akarudia mstari. Kwa hati ile, akanionyesha kwa ukucha, b, p na mb zote wazee wengi waliziandika kwa herufi moja, yenye nukta moja chini. Neno lile ni bata. Au ni pata. Au ni mbata. Irabu ni zilezile, hakuna cha kutofautisha. Akasema, "Huyo kaka wa babu yako alikuwa na kinu cha mafuta Kilindoni. Nazi kavu hizo. Mbata kumi ni za kuonja, kuona kama zimekauka."

Kaka yangu naye anakataa, anasema mbata kumi ni kidogo mno kwa mtu kuandikia barua, na babu alifuga bata, wapo wanaokumbuka.

Alama ya Kichina ingetukatia kesi hii: ndege ana kipande chake, mti una chake.

#31 Chuma_cha_Pua

Lakini aliyeandikiwa alijua. Kaka yake hakuhitaji kipande chochote.

#32 BintiWuhan

Alijua kwa sababu jahazi lilifika na mzigo akauona. Ninyi hamkuuona.

#33 MzeeWaReli

Mwanakisiwa, huyo bibi ukurasa wa pili aliusoma?

#34 Mwanakisiwa

Alichoka mzee wangu, macho yalianza kutoa machozi. Ameniambia nirudi Jumamosi, asubuhi, kukiwa na mwanga.